Televisheni Mbili za Mwalimu Gathogo

Vijana wa dukani waliponiaga walinipa saa ya ukutani na kuniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Saa ilisimama wiki ile ile, na sijaifungua kuona ina nini, kwa sababu nimestaafu. Maandishi ndiyo haya. Anayetafuta humu habari za kupanda cheo atakosa. Duka letu halina ghorofa, kwa hiyo hapakuwa na pa kupanda.

Niliingia kazini kwa ufagio. Bwana Kantilal, aliyekuwa na duka la redio na televisheni pale Nyeri mjini, alitaka mtu wa kufagia na kupokea wateja. Siku ya kwanza nilipofika chumba cha nyuma nilikuta televisheni ya kabati la mbao imefunguliwa mgongo, nikasimama kuitazama hadi yeye mwenyewe akaja kuuliza kama nina mpango wa kufagia na vumbi la humo ndani. Nikamjibu kwamba ninao. Akaniletea brashi ndogo ya rangi.

"Fagia," akasema, "lakini ile kitu ya nyuma usiguse. Imezimwa, lakini moto bado iko ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza. Bwana Kantilal hakuwa mtu wa maelezo marefu. Alinifundisha kushika chuma cha solda, kunusa kifaa kilichoungua kabla ya kukipima, na kuweka kioo cha saluni mbele ya televisheni, ili fundi aliye nyuma yake aone picha bila kukimbia huku na huku. Wateja wakiingia na kukuta mwanamke ameinama nyuma ya televisheni akijitazama kwenye kioo, walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi. Bwana Kantilal alikuwa akiwaambia fundi anajipodoa, wangoje. Waliporudi na kukuta televisheni inaonyesha, hawakuuliza tena.

Miaka ile kazi ilikuwa juu ya mapaa. Kuna bwana mmoja wa Kianyaga, mwenye baa, ambaye picha yake ilipotea kila Jumamosi mchana, saa ya mpira, na wateja wake wakahamia baa ya jirani. Nilibadilisha waya, nikabadilisha antena, nikautupia lawama mlima. Mwishowe nikakubali kwenda Jumamosi yenyewe, nikamkuta mkewe akianika mablanketi yaliyolowa kwenye nyaya zinazoshikilia mlingoti wa antena. Uzito ulikuwa ukiugeuza mlingoti kuelekea kwa majirani. Nilimfungia mama kamba ya nguo mahali pengine nikaondoka. Ndiyo televisheni pekee niliyoitengeneza bila kuigusa, na mwenye baa aliwaambia watu kwamba mimi ni mtaalamu wa mawimbi.

Baadaye yakaja madishi, nikawa mtu wa Nanyuki. Hoteli za kule zilikuwa na wageni waliotaka kuona mpira wa kwao. Mwanajeshi mmoja wa kigeni alisimama chini ya ngazi yangu akinisihi nilishushe dishi litazame upeo wa macho, kama kwao. Nilimweleza kwamba huku tumekaa katikati ya dunia, setilaiti iko karibu juu ya vichwa vyetu, na dishi hulazwa kama beseni. Akaniuliza mvua ikinyesha inakuwaje. Nikamwambia inajaa maji, ndiyo maana ninatoboa shimo. Alicheka sana, akidhani ni mzaha. Toboeni shimo.

Halafu ikaja dijitali, televisheni zikawa nyembamba kama sinia, na kazi ya kutengeneza ikageuka kazi ya kutupa. Bwana Kantilal alizeeka, akaenda kuishi kwa binti yake, na sisi tuliobaki tukaendelea na duka. Nilidhani sina jipya la kujifunza isipokuwa majina ya nyaya. Ndipo akanipigia Kimani.

Kimani ni mtoto wa Mwalimu Gathogo, aliyekuwa mwalimu mkuu, na mkewe Nyambura, nesi mstaafu. Wanakaa upande wa barabara ya Mweiga, kwenye nyumba ya mawe inayoutazama mlima. Mama Kimani na mimi tulisali kanisa moja tukiwa wasichana. Kimani mwenyewe yuko Kanada, ambako kazi yake ni kutunza makompyuta ambayo hajawahi kuyaona. Hakuwa amerudi nyumbani muda mrefu, kwa sababu za karatasi za kuishi kule, ambazo hakuzieleza nami sikuuliza.

"Auntie," aliniambia, "nataka kuwanunulia wazazi amani."

Amani hiyo niliielewa mara moja. Nyumba ile ilikuwa na televisheni moja, na Mwalimu na mkewe walikuwa wameigombania tangu nilipowafungia antena ya kwanza. Saa ya habari ilikuwa pia saa ya tamthilia. Mwalimu alitaka kuwasikia wanasiasa ili awasahihishe. Mama Kimani alikuwa akifuatilia tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili, zile ambazo msichana hupoteza kumbukumbu siku ya harusi. Rimoti ilikuwa ikifichwa chini ya makochi, ndani ya mkoba wa kanisani, na safari moja ndani ya kopo la unga.

Mpango wa Kimani ulikuwa kompyuta moja yenye nguvu, iwekwe stoo, na televisheni mbili kubwa zenye spika za sinema, moja sebuleni na nyingine kwenye chumba kilichokuwa chake. Ndani ya kompyuta hiyo tungeweka mashine pepe mbili.

Kwa nyinyi ambao bado mnaitikia kwa kichwa bila kuelewa, kama nilivyofanya mimi, mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Unachukua kompyuta moja ya kweli, unaiwekea programu ya kuigawa, na kila kipande kinajiona kompyuta kamili, chenye diski yake na kumbukumbu yake, kisijue kwamba kina jirani. Nilimuuliza Kimani kama huo si uongo. Akasema ni uongo, lakini unafanya kazi.

Alinifundisha kwa simu ya video. Nilikuwa nimesimamisha simu juu ya gunia la viazi, kwa sababu ndiyo meza iliyokuwamo stoo. Mara ya kwanza niliipa kila mashine pepe nusu ya kumbukumbu, nikajiona mwenye haki. Zote mbili zikagoma, maana sikuiachia kompyuta yenyewe chochote.

"Mwenye nyumba naye anakula, auntie," Kimani akasema.

Tukapunguza. Kisha tukaipa kila mashine kadi yake ya picha na kadi yake ya kupokea matangazo kutoka kwenye dishi, kwa sababu ukiacha kompyuta kubwa izishike kadi hizo, mashine pepe haitaona kitu. Hiyo peke yake ilitumalizia siku nzima. Kimani alikuwa akisema "jaribu sasa" kwa sauti ya upole, na kila aliposema hivyo skrini ilikuwa nyeusi. Nimefundishwa na watu wawili maishani, mmoja alikuwa mzee kuliko mimi na mwingine ningeweza kumzaa, na wote walikuwa na uvumilivu ule ule unaokufanya uone aibu kukata tamaa.

Picha ikatoka. Sauti ikatoka, tena kutoka pande zote za chumba, hata Mwalimu akageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Tukawakabidhi kila mmoja rimoti yake, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ya mtu ambaye bado hajapigiwa simu.

Nilipigiwa asubuhi yake.

"Fundi," Mwalimu akasema, "nikiongeza sauti, inaongezeka kwa mama."

Nilisikia Mama Kimani nyuma yake. "Na mimi nikibadilisha, nabadilisha yake. Ati jana nimemuonyesha mieleka dakika ngapi, na alikuwa anafikiria ni bunge."

Kosa lilikuwa kwenye vile vijicho vinavyopokea amri ya rimoti. Vilikuwa vya aina moja kabisa, na kompyuta ilipowaka tena baada ya umeme kupotea usiku, iliviamsha kwa kuchanganya, kimoja kikaenda kwa mwenzake. Dawa yake ni kufunga kijicho kwa soketi yake na si kwa jina lake, kwa sababu majina yao yanafanana. Wekeni pia betri ya kuhimili umeme ukipotea. Huku kwetu, mtu anayefunga kompyuta ya stoo bila betri anafunga matatizo ya kesho.

Baada ya hapo mashine zile zilifanya kazi bila kosa. Nasema hivi kwa majivuno, maana ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Miezi ikapita bila simu. Nikipita barabara ya Mweiga nilikuwa nawaonyesha watu nyumba ile.

Kisha Mama Kimani akanipigia akaniomba nipite kwake mchana, wakati Mwalimu ameenda kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia chai, akafunga mlango ingawa hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama Muthoni, ile mashine yangu inafanya vizuri sana," akasema.

"Asante."

"Hiyo ndiyo shida."

Akanisogezea ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, kwenye sahani kabla ya kuendelea.

"Zamani nikitazama sinema yangu, huyo mzee alikuwa anakaa hapo na gazeti, anasema ni upuzi. Halafu anauliza, huyo si ndiye alikuwa amekufa? Namwambia hajafa, alikuwa amepotea. Anasema hata kama ni kupotea, polisi wako wapi. Tunagombana hivyo mpaka tunaenda kulala. Sasa hakuna mtu wa kuniuliza. Msichana amefufuka na hakuna mtu ameuliza."

"Si umwambie aje kwako?"

"Nimwambie aje? Mtoto ametumia nguvu yake yote huko kwa baridi ndio kila mtu akae yake. Nianze kusema siitaki?"

Nikadhani limeisha, nikaanza kutafuta la kusema la kuchekesha. Ndipo akaniambia lililotokea. Wiki iliyotangulia sukari ya Mwalimu ilishuka saa ya habari. Aliteleza kutoka kwenye kiti akabaki amekaa sakafuni, hawezi kuinuka, hawezi kuita vizuri. Yeye Mama Kimani alikuwa chumba cha pili, spika zinanguruma pande zote, anacheka. Aliyemkuta Mwalimu ni mama wa jirani aliyeleta maziwa akaingia bila kubisha hodi. Walimpa chai ya sukari nyingi, akarudi hali yake, akauliza kura imepita au haijapita.

"Mimi ni nesi," Mama Kimani akasema. "Nimekaa wodi miaka yote hiyo. Ningesikia mtu akipumua vibaya kutoka mwisho wa wodi. Na wangu alikuwa hapo tu, nyuma ya ukuta."

Hakulia. Alikuwa akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Kimani asijue," akasema. "Hana namna ya kuja, na atakufa huko na mawazo. Wewe niharibie hiyo yangu. Si sana. Iharibike tu vile huwa zinaharibika."

Nimeletewa televisheni zilizomwagiwa uji, zilizopigwa ngumi baada ya penalti, na moja iliyokuwa na nyoka ndani. Kuombwa kuharibu iliyo nzima lilikuwa jambo jipya. Nilikaa na kikombe changu nikifikiria kazi yangu safi, ile ninayowaonyesha watu nikipita. Nikaona pia kwamba tangu Kimani anipigie, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewauliza wazee wale kama wanataka kutulia.

Nikaingia stoo. Kuharibu mashine pepe hakuhitaji bisibisi. Unafungua ukurasa wake, unabonyeza pa kuizima, na unaondoa alama inayoiambia ijiwashe yenyewe. Televisheni ya chumbani ikabaki buluu, na maandishi yanayosema hakuna mawimbi.

"Imekufa?" Mama Kimani akauliza kutoka mlangoni.

"Imekufa."

"Maskini," akasema, akarudi jikoni kuosha vikombe.

Siku chache baadaye simu ikalia. Ni Mwalimu. Kwa kawaida Mwalimu anapopiga simu husalimia kama mtu anayefungua mkutano, lakini siku hiyo aliongea chini chini.

"Fundi, nimesikia mashine ya mama imeharibika."

"Nimesikia hivyo pia, Mwalimu."

"Uko na kazi nyingi wakati huu?"

Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa dukani na vijana nikiwatazama wakitazama simu zao. "Ziko, kiasi," nikamwambia.

"Basi usikimbizane na hiyo. Hata kama itachukua mwezi. Hata kama kifaa chake haipatikani, isikuumize kichwa." Kisha akaongeza, "Ati huyo msichana wa sinema amefufuka, na nilikuwa sijui. Niliacha akiwa amekufa kabisa."

Nilimwahidi kwamba sitaharakisha. Kama fundi, hiyo ni ahadi niliyoitimiza kwa wateja wengi bila kuwaahidi.

Aliyebaki ni Kimani, na huyo nilikuwa nimemsahau, jambo ambalo ni ujinga, kwa kuwa kazi ya Kimani ni kutazama makompyuta yaliyo mbali. Alinipigia mchana mmoja, kwake kukiwa kunapambazuka.

"Auntie, mama ameniambia mashine yake imekufa. Nimeingia nikaangalia. Haijakufa. Imezimwa tu, na mtu ameitoa kwa zile za kujiwasha. Nadhani ni bahati mbaya. Naiwasha kutoka hapa sasa hivi."

"Usiiwashe."

"Ni kubonyeza tu, auntie."

"Najua ni kubonyeza. Ni mimi niliibonyeza."

Nilikuwa nimeahidi kutosema habari ya sukari, na sikuisema. Lakini nilihitaji kumpa kitu, maana ile ilikuwa zawadi yake, aliyoijenga kwa sauti yake ya upole siku nzima mbele ya gunia la viazi, na mimi ndiye niliyeizima.

"Ulinunua mbili kwa sababu gani?" nikamuuliza.

"Unajua kwa nini. Hao watu hawajawahi kunyamaza. Tangu nikiwa mtoto ni rimoti, ni habari, ni sinema. Nilikuwa nalala hiyo chumba ya pili na nawasikia kwa ukuta kila siku."

"Ulikuwa unalala vizuri?"

Nilisikia huko kwake kijiko kikigonga kikombe, kisha kikaacha.

"Vizuri sana," akasema. Baadaye kidogo akauliza, "Wanabishana sasa?"

"Mama wa maziwa anasema wanasikika mpaka barabarani."

"Na baba? Nitamwambia nini akiniuliza mbona siitengenezi?"

"Baba yako hatauliza."

Alicheka, kicheko kifupi ambacho katikati yake kilibadilika kidogo, nami nikajifanya namhudumia mteja ili apate nafasi. Aliporudi kwenye simu alikuwa fundi tena. Alisema mashine ya mama imekaa bure huku imeshika kumbukumbu, na hiyo si kazi safi. Akaifuta kabisa nikisikiliza, na kumbukumbu yake akaipa ile ya sebuleni. Kisha akauliza kama sebuleni kuna nafasi ya kiti cha tatu, maana karatasi zake zilikuwa zimeanza kusogea, ingawa hakutaka niwaambie kabla hazijafika.

Kwa hiyo kwa familia ile sasa ninatunza siri za watu watatu, na mashine moja. Jumapili iliyopita nilipita kuwasalimia. Televisheni ya chumbani imefunikwa kitambaa cha kushona, na mbele yake pamewekwa picha ya harusi. Sebuleni Mwalimu alikuwa akimweleza mkewe kwamba hakuna daktari anayeweza kumrudishia mtu kumbukumbu kwa kumwonyesha pete. Mama Kimani akamwambia yeye amefanya kazi na madaktari, na anyamaze asikie. Nilisimama mlangoni kitambo. Hakuna aliyegeuka, kwa hiyo nikajivutia kiti.